Ozoni ya Alasiri na Kifua cha Mtoto Wako

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Eldoret. Leo ninataka tuzungumze juu ya gesi isiyo na rangi, isiyoonekana hewani, na ambayo mara nyingi hata pua haiwezi kuitambua. Gesi hiyo ni ozoni.

Najua wengine mmeanza kunishangaa. Mtoto wako amerudi nyumbani na daftari la sayansi, na ndani yake imeandikwa kwamba tabaka la ozoni hutukinga na miale mikali ya jua. Mwalimu hakukosea. Ozoni iliyo juu sana, kilomita 15 na zaidi kutoka ardhini, ni ngao yetu, na mwaka 1987 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Montreal ili isiharibiwe. Lakini gesi ile ile ikiwa hapa chini, pale pua ya mtoto ilipo, huunguza njia za hewa. Ni kama mafuta ya taa. Yakiwa ndani ya koroboi yana kazi yake, yakiingia tumboni mwa mtoto ni balaa.

Kwa nini nimelichagua jambo hili? Kwa sababu kuna swali ambalo akina mama wa mtaa wa Elgon View huuliza mara kwa mara. Wanasema, "Sisi tunapikia gesi. Hakuna moshi jikoni, kiwanja ni kikubwa, miti ipo. Mbona mtoto akitoka kucheza alasiri kifua kinambana?" Ni swali zuri, na jibu lake si moja. Huenda ni vumbi, huenda ni chavua ya maua na nyasi, huenda ni mafua ya kawaida, baridi yetu ya Eldoret, paka anayelala kitandani, au mjomba anayevuta sigara sebuleni. Tafadhali usitoke hapa ukisema kila kikohozi ni ozoni. Lakini ozoni ni mojawapo ya mambo yanayochokoza pumu, na ndiyo tunayoisahau zaidi, kwa kuwa hakuna anayeiona ikitoka mahali popote.

Na kweli haitoki mahali popote. Hakuna bomba linalotoa ozoni kama bomba la lori linavyotoa moshi. Ozoni hupikwa hewani. Viungo vyake ni viwili, na moto wake ni jua. Kiungo cha kwanza ni gesi za naitrojeni zinazotoka kwenye injini za magari, jenereta, viwanda na mioto. Kiungo cha pili ni mivuke ya petroli, ya rangi za mafuta, ya taka zinazoungua, ya makaa na kuni, na hata ya miti. Viungo hivi vikikutana chini ya jua kali, baada ya saa chache ozoni huwa tayari. Mtu wa kwanza kulieleza jambo hili vizuri alikuwa mwanakemia Arie Haagen-Smit, mjini Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watu wa mji ule walikuwa wakitokwa na machozi barabarani siku za jua, wala hawakujua sababu.

Sasa sikia saa zake, maana hapa ndipo mama anapoweza kujisaidia. Alfajiri ozoni huwa kidogo, kwa sababu usiku hakuna jua la kuipika na iliyobaki jana imekwisha kuliwa. Asubuhi magari yanatoka, viungo vinajaa hewani. Jua linapopanda, ozoni hupanda nalo. Kwa kawaida huwa nyingi kati ya saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Siku ya mawingu na mvua haifiki mbali. Kwetu huku, miezi ya Desemba, Januari na Februari, mbingu ikiwa wazi na mvua haijaonekana, ndiyo miezi ya kuangalia zaidi. Eldoret imekaa karibu na ikweta, tena juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Jua letu lina miale mikali hata pale mwili unapohisi baridi. Wakimbiaji wetu wanaotoka alfajiri hawakupangiwa saa hiyo na daktari wa mapafu, lakini kwa upande wa ozoni wamechagua vizuri.

Kuna jambo lingine la ajabu kidogo. Ungedhani ozoni ni nyingi zaidi pale palipo na magari mengi, yaani katikati ya mji kwenye Barabara ya Uganda. Mara nyingi sivyo. Gesi mbichi inayotoka kwenye bomba la gari huila ozoni iliyo karibu nayo. Kwa hiyo kando ya barabara mtoto anavuta masizi na gesi za naitrojeni, ambazo pia ni hatari, lakini ozoni hupungua. Halafu upepo unaubeba mchanganyiko ule kuelekea mitaani na mashambani. Unaiva njiani, na ozoni inatokea kule ambako hakuna msongamano wowote. Ndiyo maana mtaa wenye miti, ua wa kayaba na barabara tulivu usijidanganye kuwa hewa yake ni ya peke yake. Elgon View, Langas, Huruma na Kapsoya zinavuta kutoka chungu kimoja.

Na chungu chetu kina viungo vingi. Barabara kuu ya kutoka Mombasa na Nairobi kwenda Malaba hupitia Eldoret, na juu yake kuna malori yanayobeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini. Baipasi ilijengwa ili malori hayo yasilazimike kupita katikati ya mji, nami naishukuru kama mtu yeyote aliyewahi kukwama pale na mgonjwa garini. Lakini moshi wa lori haukufutwa na baipasi, ulihamishwa. Je, sasa unakwenda wapi? Unapita juu ya shule zipi saa tisa alasiri? Hilo ni swali la kupanga, na tutalirudia.

Mbali na magari, kuna mashamba. Uasin Gishu ni ghala la mahindi na ngano. Mbolea ya naitrojeni inapowekwa shambani na mvua ya kwanza ikagusa udongo mkavu, vijidudu vya udongoni hutoa gesi ya naitrojeni ile ile inayotoka kwenye injini. Sisemi muache mbolea, tutakula nini? Nasema tu kwamba mpishi wa ozoni hachagui kiungo kimetoka mjini au shambani. Hata mikaratusi yetu, ile tunayoiita bluugamu, hutoa mvuke unaoingia katika mapishi haya. Wala usikimbilie panga kukata mti. Mti bila gesi za magari na mioto haupiki ozoni ya kutudhuru.

Kubwa zaidi pengine ni mioto. Kati ya Desemba na Februari nyasi na misitu huchomwa kaskazini mwa ikweta, Sudan Kusini, Afrika ya Kati na sehemu za Uganda. Kuanzia Juni hadi Septemba mioto huhamia kusini, katika Kongo ya kusini, Zambia na Angola. Satelaiti huiona mioto hiyo kila mwaka, na moshi wake husafiri mamia ya kilomita. Kwa hiyo mtoto wa Eldoret anaweza kukohoa kwa sababu ya kiberiti kilichowashwa nchi nyingine. Na sisi pia tunampelekea jirani wetu wa Nandi, Trans Nzoia na Elgeyo Marakwet yale ya kwetu.

Inafanya nini mwilini? Ozoni ikiingia katika mapafu huchubua ngozi nyororo ya ndani ya njia za hewa. Zinavimba, zinabana, na kamasi zinaongezeka. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuhisi koo linawasha, au maumivu akivuta pumzi ndefu. Mwenye pumu anaweza kushikwa na shambulio, mara nyingine siku ile ile, mara nyingine kesho yake. Mtoto anaumia zaidi kuliko wewe kwa sababu tatu. Anapumua haraka, kwa hiyo ukilinganisha na uzito wake anavuta hewa nyingi kukushinda. Mapafu yake bado yanakua. Na yeye ndiye anayekimbia nje alasiri huku wewe umeketi kivulini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 100 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, kikiwa ni wastani wa saa nane. Ripoti ya kimataifa ya hali ya hewa tunayovuta, iliyotolewa mwaka 2024, ilikadiria kwamba mwaka 2021 ozoni ilichangia vifo karibu 490,000 duniani, hasa vya watu wazima wenye mapafu yaliyochakaa.

Lakini tusichanganye mizani. Ripoti hiyo hiyo ilihesabu zaidi ya vifo 700,000 vya watoto walio chini ya miaka mitano vilivyohusiana na hewa chafu mwaka 2021, na takriban 500,000 kati yake vilitokana na moshi wa jikoni. Ukiwa unapikia kuni au makaa ndani ya chumba ambamo mtoto analala, usianze kuhangaika na ozoni leo. Toa jiko nje, fungua dirisha, mweke mtoto mbali na mgongo wa mpishi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Na makaa yanayowaka usiyaingize chumbani usiku kwa ajili ya joto, hata Eldoret iwe baridi namna gani. Hewa yake huua watu waliolala.

Sasa turudi kwenye swali letu la kupanga. Tutajuaje kama ozoni ya hapa ni nyingi au ni kidogo? Kwa kupima. Nchini Kenya mahali pa kupimia ozoni kwa miaka mingi ni pachache. Kuna kituo cha Mlima Kenya, kilichofunguliwa mwaka 1999 katika mwinuko wa mita 3,678, na huko Dagoretti, Nairobi, Idara ya Hali ya Anga imekuwa ikirusha baluni zenye kipimo cha ozoni tangu miaka ya 1990. Hizo ni kazi za maana sana, zimewasaidia wanasayansi wa dunia nzima. Lakini Mlima Kenya na Dagoretti zote ziko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Kituo cha mlimani kinatueleza hewa ya juu ya Afrika Mashariki. Hakituelezi anachovuta mtoto wa chekechea akicheza kati ya mji na baipasi.

Na satelaiti je? Satelaiti huona vizuri gesi za naitrojeni juu ya miji. Ozoni ya chini haioni vizuri, kwa sababu ile ozoni nyingi ya juu iko katikati kama pazia.

Ndipo wataalamu wanapotumia modeli ya kompyuta. Usiogope neno hili. Wewe ukiambiwa upike harusi ya watu 500, hutaanza kupika ndipo uhesabu. Utauliza watu wangapi, mchele kilo ngapi, sufuria zipi, kuni zipi, mvua itanyesha? Modeli inafanya hivyo hivyo. Inaigawanya nchi katika miraba midogo kama karatasi ya hesabu. Katika kila mraba inaandika magari mangapi, majiko mangapi, viwanda vipi, mashamba yapi, miti gani. Halafu inapewa jua, joto, upepo na mvua. Kompyuta inapika, saa baada ya saa, na kutuonyesha ozoni itakuwa wapi na lini.

Faida yake ni kwamba unaweza kuiuliza maswali kabla hujatumia fedha za umma. Tukiondoa magari makuukuu, itakuwaje? Tukiacha kuchoma taka? Shule mpya ikijengwa upande huu badala ya ule? Majibu mengine hushangaza. Mnakumbuka mwaka 2020, tulipofungiwa kwa sababu ya korona na magari yakapungua? Katika miji mingi ya Ulaya na China gesi za naitrojeni zilishuka sana, lakini ozoni mjini ikapanda, kwa sababu ile gesi mbichi ya magari iliyokuwa ikiila haikuwepo. Si hoja ya kuacha magari yatoe moshi. Ni hoja ya kupunguza viungo vyote viwili pamoja, na kujua kipi kinatawala mahali petu.

Nitawapa mfano mmoja wa michezo, kwa kuwa hapa Eldoret mchezo unaeleweka haraka. Mwaka 1996 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Atlanta, Marekani. Wakuu wa mji walipunguza magari, wakaongeza mabasi. Mwaka 2001 watafiti waliandika kwamba katika siku zile ozoni ilishuka karibu asilimia 28, na katika kundi moja la watoto waliolipiwa matibabu na serikali, matibabu ya dharura ya pumu yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Habari hiyo ilienea kote na hadi leo husimuliwa. Lakini miaka baadaye, watafiti wengine waliangalia vipimo vya miji mingine ya eneo lile ambayo haikuwa na Olimpiki yoyote. Wakakuta ozoni ilishuka huko pia. Sehemu kubwa ilikuwa ni hali ya hewa tu. Walijuaje? Kwa sababu kila mji ulikuwa na kipimo chake. Mji wenye kipimo kimoja, au usio na kipimo, unaweza kujisifu kwa mvua iliyonyesha yenyewe. Modeli nayo bila vipimo ni kama kupika bila kuonja.

Majirani zetu wameanza. Nairobi iliandika mpango wake wa kushughulikia ubora wa hewa wa mwaka 2019 hadi 2023. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2015 mradi wa AirQo, wanaotengeneza vipimo vya bei nafuu, na vingine hubebwa na bodaboda. Vipimo vya namna hiyo zaidi hupima chembe za moshi na vumbi, si ozoni, lakini ni mwanzo mzuri.

Unaweza kusema, "Sista, hayo ni ya wakubwa." Hapana. Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaitaja udhibiti wa uchafuzi wa hewa miongoni mwa kazi za serikali ya kaunti. Tena kila miaka mitano kaunti huandika mpango wake wa maendeleo, na sheria inataka wananchi watoe maoni. Mpango wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandikwa kabla ya 2028, na vikao vitaitishwa katika wadi. Nimeketi katika vikao vya namna hiyo. Wanaume huongea barabara, maji na soko. Akina mama, ambao ndio wanaokesha na mtoto anayepumua kama mbwa aliyekimbia, hukaa nyuma, na jambo la hewa halitajwi kabisa.

Eldoret imekuwa jiji tangu Agosti 2024. Jiji linakua, magari yataongezeka, nyumba zitajengwa. Huu ndio wakati wa kuuliza. Ukipata nafasi ya kusimama, omba kipimo cha hewa kiwekwe karibu na shule, si juu ya paa la ofisi. Omba kipime ozoni pamoja na moshi. Omba matokeo yasomwe redioni kama tunavyosomewa hali ya anga, kwa lugha ambayo bibi wa Kapseret anaielewa. Uliza taka za mtaa wako zinakwenda wapi na nani anazichoma. Na kwa kuwa hewa haijui mpaka wa kaunti, uliza majirani wanahusishwaje. Kaunti nane za North Rift tayari zina umoja wao wa uchumi, NOREB. Kama wanaweza kuketi pamoja kuzungumza biashara, wanaweza pia kuzungumza juu ya upepo unaotoka kwa huyu ukaenda kwa yule.

Wanaosema mipango ya hewa haisaidii, nawakumbusha petroli ya risasi. Zamani petroli yetu ilitiwa madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika zilikutana Dakar mwaka 2001, zikakubaliana kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi zote za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Mama hakuweza kumkinga mtoto na risasi ile kwa kufunga dirisha. Ilihitaji nchi nyingi kukubaliana. Na leo tumekwisha kusahau kwamba ilikuwepo, jambo ambalo kwangu ni dalili ya kazi iliyofanywa vizuri.

Haya, na nyumbani je? Siku ya jua kali lisilo na wingu, mtoto mwenye pumu acheze mbio na mpira asubuhi, au jioni jua likishalala. Alasiri afanye michezo ya kukaa. Zungumza na mwalimu wa michezo, kwa sababu saa ya michezo shuleni huangukia pale pale ozoni inapokuwa nyingi. Usimzuie kucheza kabisa. Mtoto asiyecheza ana matatizo yake. Kuwa ndani hupunguza ozoni, lakini ikiwa ndani kuna jiko la makaa linalotoka moshi, basi afadhali nje kivulini. Barakoa haisaidii hapa. Ile tuliyovaa wakati wa korona huzuia matone na chembe, haizuii gesi.

Na usichome majani uani. Wanaonisikiliza kutoka Elgon View wananijua kwa hili. Mtunza bustani anapokata kayaba Jumamosi, hukusanya majani, huongeza chupa na karatasi za nailoni, kisha huwasha kiberiti na kuondoka. Moshi ule unakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mtoto wa jirani, na mivuke yake inaingia katika chungu cha alasiri. Majani yaozeshwe yawe mbolea. Kadhalika gari la shule linaposubiri langoni, dereva azime injini. Dakika kumi za kunguruma mbele ya watoto arobaini hazina faida kwa mtu yeyote.

Kama mtoto ana pumu, dawa zake huwa za aina mbili. Iko ya kutuliza, ambayo hufungua kifua upesi, na iko ya kuzuia, ambayo hutumiwa kila siku hata akionekana mzima, kama daktari alivyoagiza. Akina mama wengi huacha ile ya kuzuia mtoto akipata nafuu, halafu Januari inawakuta mikono mitupu. Mtoto mdogo hawezi kuvuta inhela vizuri peke yake. Anahitaji chombo cha katikati. Kama hakipatikani, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 hutobolewa chini, inhela ikaingizwa na kubana vizuri, naye mtoto akapumua kupitia mdomo wa chupa. Madaktari wa Cape Town walichapisha utafiti juu ya chupa hiyo mwaka 1999 na ilifanya kazi vizuri. Njoo kliniki tukuonyeshe, usitoboe kwa kubahatisha.

Jifunze pia kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Tazama tumbo au kifua kikipanda, uhesabu kwa dakika moja nzima kwa saa ya simu. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, 40 au zaidi. Ukipata idadi hiyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lakini ukiona nyama chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au midomo na ulimi vinageuka rangi ya buluu, au hawezi kunyonya wala kunywa, au hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au amepewa dawa ya kutuliza na hakuna nafuu, usihesabu tena. Usingoje baba arudi, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali iliyo karibu sasa hivi, na ile dawa ya kutuliza uibebe uendelee kumpa njiani kama ulivyofundishwa.

Mwenye daftari na aandike humo kwa mwezi mmoja: tarehe, saa kikohozi kilipoanza, mtoto alikuwa wapi, jua lilikuwaje, kuna aliyechoma kitu? Mkija kliniki mje na daftari hilo. Kwa sasa, hicho ndicho kipimo tulicho nacho mtaani.

Juma lijalo tutazungumza juu ya maziwa ya mama anayerudi kazini. Kwaherini.